Waya Uliochomwa Mara Tatu

Rogathe Tluway nilimfundisha kusoma, na sisemi hivyo ili nijisifu, maana alikuwa mtoto wa kukera. Mwaka ule mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha alikuwa darasa la pili. Niliwaambia watoto wafute neno Arusha kwenye daftari waandike Manyara. Wenzake walifuta kwa vidole na mate mpaka karatasi zikatoboka. Yeye alichukua wembe wa kuchongea penseli, akalikata lile neno kwa mistari minne, akabandika kipande kipya kwa ugali alioubakiza mfukoni, akaandika Manyara juu yake. Nilimchapa kwa sababu ya wembe. Kazi yenyewe ilikuwa safi kuliko ya kwangu.

Leo mimi ni mstaafu. Nina duka la steshenari hapa Endasak, kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi, na watu wananiita Mwalimu Nikolausi mbele yangu, nyuma yangu sijui. Rogathe ndiye fundi wa faiba, yaani waya wa intaneti, wa njia yetu. Akifanya kazi vizuri nami nakula vizuri.

Alivyofika huko haikuwa kwa mpango wa mtu. Alimaliza kidato cha nne na matokeo hayakumpeleka popote. Wakati huo mitaro ya mkongo ilikuwa inachimbwa kando ya barabara ya Singida, na wenye kazi walikuwa wanaokota vibarua njiani. Rogathe akachimba. Sisi Wairaqw jembe hatufundishwi. Baada ya mwezi wakamhamishia jikoni kuwapikia mafundi wa kuunga, watu wanne waliokaa ndani ya hema dogo na mashine yao siku nzima. Mkubwa wao alikuwa mzee wa Moshi, fundi kweli, ila mtu wa glasi, na asubuhi mikono ilimtetemeka. Uzi wa faiba ni kioo chembamba kuliko unywele. Mkono ukitetemeka, umevunjika. Basi kila asubuhi akawa anamwita mpishi: "Dada, njoo unishikie." Rogathe alianza kwa kushika, akaendelea kwa kufuta nyuzi kwa spiriti, akaishia kukata na kuunga mwenyewe huku ugali ukiungua. Mafundi walilalamikia ugali. Maungio hawakuyalalamikia.

Baadaye alikwenda Arusha akapata cheti. Kampuni za simu na intaneti zilikwisha kuwa nyingi, kila moja inatafuta mahali ambapo mwenzake hajafika, na moja ikaamua kuingiza faiba mpaka majumbani huku Hanang. Rogathe akaajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kituo chake Katesh. Siku aliponiletea waya dukani nilimuuliza huu una tofauti gani na ule wa zamani wa simu ya shule.

"Mwalimu, ndani hakuna shaba, ni kioo. Huu tunauita singo-modi. Njia ya mwanga ni moja tu, imebana, mwanga hauna pa kutangatanga. Ndiyo maana unatoka Katesh mpaka hapa bila kuchoka."

"Na ukichoka?"

"Hauchoki wenyewe. Ukiukunja sana mwanga unatoka nje. Ukiuchoma, umekwisha."

Nilielewa nusu, nusu nikaitikia. Alipoondoka niliona waya uliobaki umezungushwa ukutani kwa duara kubwa kama sinia, nikaona ni uchafu, nikaukunja vizuri, nikaufunga kwa mpira. Intaneti ikafa. Alirudi siku ya pili, akafungua mpira, akauzungusha tena kama sinia. Nilistahili kusemwa na hakunisema, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa mwaka mmoja tulifaidi. Shule ilikuwa nayo, zahanati, nyumba za walimu, na wenye uwezo wachache. Wanafunzi walijaza fomu za chuo dukani kwangu badala ya kupanda basi kwenda Babati. Halafu mwezi wa kwanza, asubuhi ya siku ya soko, ile taa ndogo ya ruta ikawaka nyekundu.

Mafundi walitumwa kutoka Babati. Walikuta mahali, kando ya mashamba ya juu, udongo umefukuliwa upya na kurudishiwa. Chini yake waya una tundu. Wakakata kipande kibovu, wakatupa, wakaunga, wakaandika kwenye ripoti kwamba waya umefukuliwa na watu. Mwezi wa tatu, taa nyekundu tena. Mafundi walewale, udongo uliofukuliwa uleule, ripoti ileile. Safari hii kampuni ilimwandikia mwenyekiti wetu wa kijiji, Hermani, kwamba ikitokea mara ya tatu wataing'oa njia nzima na kuipeleka kwa watu wanaoitaka.

Hermani aliitisha mkutano. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, akatutazama mmoja mmoja, na kila mmoja akamtazama jirani yake. Hakuna aliyejitokeza. Huku kwetu, jambo likitendeka na mtendaji hajulikani, kuna njia mbili. Ya kwanza ni polisi. Ya pili ni wazee kukaa na kumlaani huyo asiyejulikana, na ya pili inaogopwa zaidi. Sisi ni Wakristo, tena wa siku nyingi. Katekista alikuwapo mkutanoni, lakini alipoona wazee wanajitenga upande alikumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea.

Aliyetamka laana alikuwa baba yake Rogathe, Tluway, kwa sababu ndiye mkubwa kwa umri na maneno yake yana uzito. Ni mzee mwembamba, mtaratibu, asiyegombana na mtu. Alisimama akanyoosha mkono wa kulia.

"Aliyeuharibu waya huu, mkono wake ukauke. Ukishika jembe, jembe lianguke. Ukishika mtoto, mtoto alie."

Wazee waliitikia. Mimi pia niliitikia, na cheti changu cha ualimu.

Wiki tatu hazikuisha, Alhamisi moja, taa ikawa nyekundu.

Sasa angalieni akili zetu zilivyofanya kazi. Tulisema: hakuna Mwiraqw ambaye angesikia laana ile na kurudia. Kwa hiyo si Mwiraqw. Kwa hiyo ni mtu ambaye laana yetu haimtishi. Na mtu huyo alikuwa tayari, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake: Gidabuday, Mdatoga mwenye boma chini kule tambarare, ambaye kila asubuhi anavusha ng'ombe wake kwenda kwenye maji, na njia yake inapita palepale waya ulipozikwa. Mitaro ilipokuwa inachimbwa ndama wake alitumbukia akavunjika mguu. Gidabuday alimfuata msimamizi, akamwambia kwa Kiswahili chake cha maneno machache kwamba ataufukia mtaro huo kwa mikono yake. Watu wengi walimsikia, na mimi nilikuwamo.

Hermani akaja dukani. Alisema, nikachapa: sisi wanakijiji tunamshuku fulani, kwa sababu hizi na hizi. Intaneti ilikuwa imekatika lakini printa ilikuwa nzima. Nilirekebisha hata nukta. Ijumaa asubuhi polisi walimchukua Gidabuday kutoka kwa ng'ombe wake.

Mafundi wa Babati walikuwa na kazi kwingine, kwa hiyo safari hii kampuni ilimtuma Rogathe, ambaye muda wote huo alikuwa Mbulu akiunganisha majumba ya kule. Alifika Jumamosi kwa bodaboda, begi la mashine kifuani kwa sababu mgongoni linarukaruka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mwizi ameshapatikana, wewe unga tu."

Alikwenda kwenye sanduku la waya karibu na zahanati, akachomeka mashine ya kupimia. Mashine hiyo inarusha mwanga ndani ya uzi na kusikiliza unaporudi, halafu inakuambia umekatikia wapi. Ilisema mita elfu moja mia nane na arobaini. Mimi, mtu wa hesabu, nikaanza kuhesabu hatua. Aliniita nirudi.

"Waya si barabara, Mwalimu. Kwenye visima vitatu vya mkongo njiani tumeacha waya wa akiba umezungushwa, kila kisima kimekula mita ishirini. Toa sitini."

Tulikwenda tukapanda mpaka kwenye shamba la viazi la Joakimu. Pale kando ya barabara palikuwa na udongo mbichi umefukuliwa na kushindiliwa kwa mguu. Rogathe alipiga magoti akafukua kwa mikono. Sikutegemea afike haraka vile. Waya ulikuwa karibu sana, na alipopima kwa futi ilikuwa sentimita thelathini na mbili. Mkataba ulisema mita moja. Huko chini ni mawe ya mlima, na waliopewa tenda ya kuchimba walichoka mapema, wakafukia na kwenda zao.

Waya haukuwa umekatwa. Ulikuwa na tundu moja, limeingia juu na kutokea chini, safi, lina pembe nne. Pembeni ya waya, sambamba nao, kulikuwa na njia laini ya duara iliyopita ndani ya udongo kama bomba. Mtoto yeyote wa huku angeijua. Ni njia ya fuko.

Rogathe alikaa kwenye tuta akaliangalia lile tundu juu na chini.

"Mwalimu, mwizi anakata, anavuta. Ng'ombe anakanyaga. Huu umechomwa mara moja, na mtu anayejua kuchoma."

Alikata kipande chenye tundu akakitia mfukoni. Kisha akaanza kuunga. Anamenya uzi, anaufuta, anaukata, anaulaza kwenye mashine mkabala na mwenzake, kwenye kioo unaona ncha mbili zinatafutana, cheche moja, basi, zimekuwa kitu kimoja. Nyuzi zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja zilikwenda bila kukosea. Ya kumi na mbili ilimshinda mara mbili, na hapo nikajua kuna jambo.

Alipomaliza alimsalimia mke wa Joakimu, aliyekuwa anapalilia.

"Mama, nani amekamata fuko hapa wiki hii?"

"Si ni baba yako!" mama yule alisema kwa furaha. "Juzi Alhamisi asubuhi. Fuko mkubwa, amenimalizia viazi tuta zima. Alimchoma mara moja tu."

Tluway ndiye mkamata fuko wa milima hii yote. Hatumii mtego. Anatoboa njia ya fuko upande mmoja ili hewa iingie, maana fuko hapendi upepo, lazima aje kuziba. Mzee anasimama hatua moja kutoka hapo, chuma kimeinuliwa, hapumui. Udongo ukitikisika anachoma nyuma yake kidogo, kwa nguvu zake zote, kisha anamfukua kwa jembe na kurudishia udongo kwa sababu ni mtu wa adabu. Chuma chake ni nondo aliyoichonga ncha kwa tupa, pembe nne. Rogathe alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa anaishikilia upande wa pili wakati inachongwa.

Na fuko wanapenda udongo mlaini. Mtaro uliochimbwa na kufukiwa ulipita kando ya mashamba yetu yote, kilomita kadhaa za udongo mlaini ambao hakuna anayeulima. Fuko waliufuata mtaro. Tluway aliwafuata fuko. Chini yao wote ulikuwapo waya, sentimita thelathini na mbili.

Tulisimama pale barabarani. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake. Rogathe akinyamaza, Gidabuday anabaki ndani, na Jumatatu anapelekwa mahakamani. Akisema, mkosaji ni baba yake, na baba yake amejilaani kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Msidhani hilo ni dogo. Nimewahi kuona mtu mzima, mwenye afya, akilala kitandani kwa sababu amejua laana ni yake, na hakuamka.

Mimi nilimshauri, na nasema wazi nilimshauri vibaya. "Andika fuko," nilimwambia. "Sababu: fuko. Wala si uongo. Gidabuday ushahidi hakuna, wenyewe watamwachia."

Aliniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia hata siku ile ya wembe.

"Watamwachiaje, Mwalimu, na barua uliyoichapa iko pale mezani kwao?"

Nilikunja uso nikajifanya natafuta bodaboda.

Kwetu mtoto hamshitaki baba yake usoni. Anatafuta mtu wa rika la baba afungue mlango, yeye anaingia nyuma yake. Rogathe aliniomba, na baada ya barua ile singeweza kukataa. Tulifika kwa Tluway saa kumi. Mama yake Rogathe, Agatha, alitupa chai ya maziwa. Niliuliza habari za mvua. Niliuliza za maharage, za ng'ombe, za jino la Tluway lililokuwa linamsumbua tangu Krismasi. Nilizunguka mpaka chai ikaisha na ya pili ikaletwa, na bado sikuwa nimefika popote. Mwishowe Rogathe alitoa kipande cha waya akakiweka juu ya kigoda.

"Baba, naomba ulete nondo yako."

Mzee aliileta. Alidhani binti yake anataka kuinoa. Kisha aliona tundu. Hakuna aliyemwelekeza. Aliinama, akaiingiza ncha kwenye tundu, ikaingia na pembe zake zote nne zikakaa mahali pake. Akaichomoa. Akaiingiza tena.

"Nilihisi kitu," alisema. "Nilidhani mzizi."

"Mara zote tatu, baba?"

"Mara zote tatu nilidhani mzizi."

Kisha nikamwona anaurudisha mkono wa kulia ndani ya shuka lake, polepole, kama unavyoficha kitu usichotaka watoto wakione. Aliogopa. Mzee ambaye hajawahi kuogopa chui aliogopa, na mimi nikaogopa pamoja naye, na vyeti vyangu vyote.

Agatha alianza kulia. Alisema hakuna aliyeona. Alisema kipande hicho kitupwe chooni, nondo itupwe pamoja nacho, na yule Mang'ati, Gidabuday, ana ndugu zake, watauza ng'ombe, watamtoa. Alimshika Rogathe mabega. "Utamuua baba yako kwa ajili ya waya?"

Rogathe alilia pia. Alisema, "Mama, si kwa ajili ya waya."

Tluway ndiye aliyenyamazisha nyumba. "Mama Rogathe, laana haiulizi nani ameona." Akanigeukia. "Mwalimu, yule mtu amelala ndani siku ngapi?"

"Jana mchana alikuwa ndani. Leo ni ya pili."

"Basi tusimwongezee ya tatu."

Tulikwenda kituoni jua likiwa bado juu, bodaboda mbili, mzee ameshika nondo kwa mkono wa kushoto. Aliiweka mezani na kipande cha waya pembeni, akasema, "Mimi ndiye." Askari wa zamu alitafuta kwa muda kosa la kuandika.

"Ulikusudia kuharibu miundombinu?"

"Nilikusudia fuko."

Alikwenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akaingiza nondo kwenye tundu mwenyewe, akacheka kidogo, akaacha kucheka alipomwona mzee alivyo. Alimwambia arudi Jumatatu atoe maelezo, kisha akaamuru Gidabuday atolewe. Gidabuday alitoka, akapokea fimbo yake na viatu vyake vya tairi. Tulimwamkia. Alitupita akaenda kwa miguu kuelekea tambarare, na tulimtazama mpaka alipopotea.

Rogathe aliandika ripoti yake dukani kwangu jioni ile. Niliisoma kwa sababu mimi ndiye niliyeitoa kopi. Chanzo: baba yangu mzazi, akikamata fuko, mara tatu, bila kujua. Kina cha waya: sentimita thelathini na mbili badala ya mita moja. Nilimwambia atoe neno "baba yangu mzazi", aandike "mkulima". Alisema wakija kugundua baadaye watasema alificha. Baadaye kampuni ilimwita Arusha, wakamhoji kutwa nzima, wakamwambia mkataba wake utaangaliwa. Bado unaangaliwa mpaka leo, na njia hawajaing'oa.

Lakini jambo la mkono lilikuwa halijaisha. Laana ikitamkwa haifutwi kwa kujuta. Lazima wazee wakae tena, na lazima aliyeumia kwa ajili yake awepo, anywe, aupulizie mkono wa mkosaji kwa hiari yake. Akikataa, imebaki. Hermani alituma watu kwa Gidabuday Jumatatu. Alijibu kwamba ng'ombe wana kiu. Akatuma Jumanne. Ng'ombe bado wana kiu. Siku zote hizo Tluway alikula kwa mkono wa kushoto, na kidogo sana. Agatha aliniambia usiku anaushika ule wa kulia kuona kama bado una joto. Rogathe alikuja kila siku kutoka Katesh akakaa na baba yake. Sikuwahi kumwona amekonda vile, na nilijua anajiuliza kama amemuua.

Jumatano Gidabuday alikuja. Alikuja na wazee wawili wa kwao, wamejifunga mashuka mapya, wakakaa uani kwa Hermani upande wao na sisi upande wetu. Tluway alisimama katikati akasema yote, kuanzia fuko wa kwanza. Akaunyoosha mkono.

Gidabuday aliuangalia. Kisha akachukua kibuyu cha pombe ya asali, akanywa, akaupulizia mkono ule mbele na nyuma, akasema maneno ya Kidatoga ambayo wazee wake waliyaitikia. Tluway alikaa chini palepale alipokuwa. Rogathe alifunika uso kwa kanga. Mimi nilishukuru Mungu, na sikujali ni njia gani ametumia.

Pombe ilipoanza kuzunguka, Hermani, ambaye hajui kuacha jambo likapoa, alimuuliza.

"Lakini ndugu yangu, wewe hupiti pale kila asubuhi? Hukumwona mzee na chuma chake?"

"Nilimwona," Gidabuday alisema. "Mara tatu. Anasimama, hatikisiki. Nikasema huyu mzee anajua kazi."

"Sasa kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Polisi waliuliza, ulikata waya? Nikasema hapana. Wakauliza tena, ulikata waya? Hapana. Siku mbili, ni hilo tu." Aligeuka akanitafuta mimi. "Mwalimu, wewe uliandika jina langu. Hukuja kuuliza, Gidabuday, wewe uko njiani kila siku, umeona nini?"

Nilisema sikuja. Ilibidi niseme kwa sauti, mbele ya watu niliowafundisha kusoma, na nilitamani kuwa mahali pengine popote.

Kila mtu alipata kitu cha kuangalia chini. Rogathe ndiye aliyeinuka, akavuka kwenda upande wao, akapiga goti.

"Shikamoo baba. Umeona nini kingine?"

Gidabuday alimtazama kidogo, kisha akasogea kumpa nafasi kwenye gogo. Akamwambia kwamba pale kwenye korongo, baada ya mvua, waya uko nje kabisa, ndama wanauruka. Na karibu na boma lake kuna mahali kifuniko cha kisima kimepasuka tangu kiangazi. Rogathe alitoa daftari akaandika. Aliandika mpaka ng'ombe waliporudi kutoka majini.